Mita ya Chumba cha Felisa

Felisa Dumancas alikuwa na miaka hamsini na minne alipopanga chumba kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote alikaa kwa kaka yake Isko, ng'ambo ya pili ya mji wa Iloilo, na mshahara wake wa kukunja nguo kwa dobi ukiishia kwenye sufuria za kaka na sare za watoto wa kaka. Alipofunga virago, Isko alicheka. "Dada, wewe utarudi hata gunia la mchele halijaisha."

Hakurudi. Kodi ilikuwa peso elfu mbili na mia tano. Ukitoa mchele, mkaa, nauli na dawa za presha, hakikubaki kitu cha kuchezea. Samaki alimla Jumapili tu. Siku nyingine choroko na majani ya mlonge aliyochuma uani. Lakini ufunguo ulikuwa wake, na hilo lilimtosha.

Kilichomtoa jasho ni umeme. Alikuwa na taa moja na feni moja, lakini mwenye nyumba, Mama Oyang, alimletea karatasi ya peso mia tisa.

"Joto hili, mwenzangu. Feni inakula umeme hiyo!"

Felisa akazima feni mwezi mzima. Alilala sakafuni, shuka limelowa jasho. Mwisho wa mwezi karatasi ikaja: mia tisa na arobaini.

Usiku ule alikaa na vidonge mkononi, akipiga hesabu ya kuvimeza siku moja na kuruka siku moja. Mama yake aliwahi kuanguka na presha jikoni, hakuinuka tena. Felisa akameza kidonge. Dawa haziguswi, akajiapiza, kitafutwe kingine cha kupunguza.

Jumapili alizima taa, akachomoa feni, akatoka kwenda kuitazama mita yake ukutani. Ilikuwa inazunguka. Akaufuata kwa macho waya uliotokea chumbani kwake: ulipita chini ya bati, ukakata kona, ukaingia dirishani kwa Mama Oyang, kwenye friza lake la barafu za kuwauzia watoto wa shule.

Alirudi ndani, akashusha swichi kuu, akakaa mlangoni kuchambua choroko.

Jua lilikuwa limeshapanda Mama Oyang alipotoka mbio, mikono inachuruzika maji. "We Felisa! Umeme umekatika?"

"Kwako si taa inawaka?"

"Inawaka, ila friza..."

"Friza lina nini, Mama Oyang? Mimi nimezima kwangu tu. Nabana matumizi."

Wanawake waliokuwa bombani wakaangua kicheko. "Leo barafu tunakunywa kwa kijiko!" mmoja akasema.

Mama Oyang akavimba. "Kama nyumba yangu imekushinda, hama! Rudi kwa kaka yako."

Felisa akaweka choroko chini. "Nitahama. Lakini kwanza napeleka karatasi hizi kwa watu wa umeme, waje wauone huo waya."

Mama Oyang akatazama bombani, akatazama dirisha lake. "Mbona tunafika huko, dada yangu? Si tuongee."

"Tuongee. Fundi akiwa juu ya ngazi."

Fundi alikuja alasiri hiyohiyo, akaukata ule waya. Pesa iliyozidi ilikatwa kwenye kodi ya mwezi uliofuata, na karatasi mpya ya umeme ilikuwa peso mia moja na sitini. Felisa aliisoma mara mbili, kisha akaenda sokoni Jumatano, siku isiyo ya samaki, akanunua samaki mzima.

Mama Oyang alimnunia wiki mbili hivi. Wapangaji wengine wawili ndio walioanza kugonga mlango wa Felisa, wanaomba wafundishwe kusoma mita. Aliwafundisha mmoja mmoja, polepole, bila kumsema mtu.