Kitanda Alichoomba Mama Kalekye

Siku yangu ya kwanza kazini, upande wa Makueni, Metroni hakuniuliza nilifaulu vipi chuoni. Alinipeleka wodini akasema, "Mgonjwa wa mgongo hageuzwi na mtu mmoja. Mkimpinda, mmemlemaza." Tulikuwa tukimgeuza watu watatu, kwa hesabu moja. Ilikuwa miaka ya sitini mwishoni, na aliyepasuliwa mgongo alilala wiki tatu. Mimi nilinung'unika kwa sababu ya mashuka ya kubadilisha kila siku, Mungu anisamehe.

Miaka ya tisini ilinikuta Kitui, sista wa thieta, chumba cha upasuaji. Daktari mpasuaji aliyekuja mara moja kwa mwezi alituletea mtindo mpya. Alikata sehemu ndogo tu, akatoa kipande cha diski, ile gegedu kati ya pingili za mgongo, iliyochomoza na kubana neva ya mguu. Asubuhi unapasuliwa, jioni uko njiani kwenda kwako. Tulijisifu sana.

Mama Kalekye, mkulima wa ndengu kutoka Kyuso, alisimama mchana huohuo, mguu hauumi tena. Nikamsomea masharti: asiiname, asibebe mzigo wiki sita. Akanishika mkono.

"Sista, si unilaze tu hata siku tatu? Nikirudi leo, mama mkwe atasema sijafanyiwa kitu. Nani hupasuliwa na anarudi siku hiyo hiyo?"

"Muonyeshe kidonda."

"Hiki kidogo hivi? Atasema ni mwiba."

Nilimfikishia daktari ombi lake. "Sista, kitanda ni cha mgonjwa," alisema akivua glavu. "Huyu amepona."

Mama Kalekye akaenda kwake. Kesho yake alitumwa mtoni, akabeba jerikeni la maji mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa kichwani. Diski ikachomoza tena. Alirejeshwa amelala nyuma ya pikapu, na daktari alipokuja tena, neva ilikuwa imekufa. Mguu wa kushoto aliuburuta tangu hapo. Mama mkwe ndiye aliyemleta, akilia hadharani.

"Si mngemlaza! Tungejua ni mgonjwa."



Nilistaafu na barua nzuri ya shukrani. Nyinyi wauguzi vijana mna mashine nisizozijua, na wagonjwa wenu hupona upesi. Lakini mimi bado naiona jioni ile, chati yake mkononi mwangu. Ningeandika tu kwamba ana homa, angelazwa wiki nzima na hakuna ambaye angeuliza. Hila hiyo niliijua. Niliwahi kuitumia kwa shangazi yangu mwenyewe.