Walimtaka Baba pumzi moja, nusura wamuue

Wakuu, assalaam aleikum.

Mimi ni bibi wa Kibokoni, Mji wa Kale, nimesomesha watoto Qurani chuoni miaka mingi. Nimeshapita tisini, alhamdulillahi. Uongo kwa umri huu ningeupeleka wapi?

Jana nimesoma humu mtu akiwashauri wenye presha wabane pumzi mpaka kifua kiwake. Nimekasirika hata nikaomba maghfira.

Nisikilizeni.

Miaka ya arobaini, vita vimekwisha, nami msichana, Baba alikuwa msomaji wa maulidi. Sifa yake ilikuwa pumzi: beti tatu bila kukata, na watu wakipaza "Allah!"

Kichwa kikaanza kumuuma, masikio yakivuma. Daktari mmoja Mhindi akamfunga mpira mkononi, akampima. Presha iko juu. Apunguze chumvi (samaki papa wa chumvi tulimficha asimwone, Mungu atusamehe), na asubuhi na jioni akae atulie, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi.

"Lakini usiibane, Maalim," alimkazia.

Baba akatii. Kila baada ya alasiri alikaa barazani na tasbihi, kila punje na pumzi yake. Usingizi ukamrudia.

Ikafika maulidi nyumbani kwetu. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Baba akasita katikati ya ubeti, apumue.

Mjomba Athmani, kakake Mama, akacheka. "Shemeji, umezeeka? Tupe pumzi moja!"

"Daktari amenikataza."

"Kakukataza vipi? Si yeye aliyekwambia pumzi ndefu ni dawa? Basi jitibu papa hapa!"

Ukumbi ukadakia: "Pumzi moja! Pumzi moja!"

Baba akaona haya. Akavuta, akabana, akasoma. Mishipa ya shingo ikatutumka, uso ukaiva. Kitabu kikamtoka mkononi, akaangukia mto wa kuegemea.

Na wale watu wazima, wenye vilemba vyao? Wakapaza "Allah!" wakidhani ni mahaba ya Mtume yamemzidi!

Mama akalivuta pazia. "Athmani! Wanitaka nikae eda ya ujane kwa sababu ya sauti?"

Hapo ndipo wakamkimbilia kumwinua. Mkono wa kushoto wa Baba ulilegea miezi.

Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Hata mmoja. Mpaka leo nikikumbuka nakaa chini, natoa pumzi taratibu.

Mwaka uliofuata alisoma tena, akisimama kila penye kusimama. Mjomba akajikohoza. Baba akaweka kidole kitabuni, akatoa pumzi yake kwa nafasi, akamtazama.

"Shemeji, ukitaka pumzi moja, toa yako."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaendelea. Aliishi hata akaniozesha na kuwapakata wanangu.

Wakuu, kupumua polepole kuna kheri, nimeiona. Lakini usibane, na dawa za daktari usiziache. Hata Msahafu umewekwa alama za kusimama, msomaji avute pumzi.

Wenye presha, nyinyi mwapumuaje? Semeni, tufaidiane. Na wewe wa jana, njoo unijibu. Nakungoja, nami sina haraka.