Mkasi wa Mkono wa Kushoto

"Shangazi, mkasi wa Bibi ukiisha utafanyaje?"

Binti wa kaka yake alikuwa na miaka saba. Kila mwezi alitazama jiwe la mnoa visu likiula ule mkasi, cheche zikiruka, na kila mwezi ukirudi mwembamba zaidi. Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Alimjibu kwa jicho, mtoto akaenda kucheza.

Mkasi ulitengenezewa mtu wa mashoto. Bibi, fundi cherehani, alikuwa mashoto, na katika watoto wake wote Shangazi peke yake ndiye aliyerithi mkono ule pamoja na kazi. Wengine wakiushika, kitambaa kinajikunja tu. Hilo halikumzuia kaka yao mkubwa kuutaka.

"Kumbukumbu ya mama unaikatia kaptura za shule!"

"Kwani yeye alikuwa anakatia nini, mawingu?"

Siku moja kaka mtu akauazima, eti awaonyeshe wageni, akaufungia ndani ya kabati la kioo sebuleni, kando ya maua ya plastiki. Siku ya kwanza Shangazi alivumilia. Ya pili akajaribu mkasi wa dukani, akaharibu mguu mzima wa suruali, na sare ishirini zilitakiwa Jumatatu. Ya tatu akapiga simu mara sita.

"Kesho, mdogo wangu, kesho."

Kesho gani! Shangazi akajitwika jora la kitambaa, akaingia kwa kaka yake, akawakuta wageni wako mezani.

"Samahanini jamani, inueni sahani zenu." Akatandaza kitambaa. "Kaka, ufunguo."

"Una wazimu? Mbele za watu?"

"Si ulitaka wauone? Sasa watauona ukiwa kazini."

Alikata suruali nne palepale, mgeni mmoja akimshikia ncha ya kitambaa, kaka mtu kanuna kama aliyemeza ndimu. Kisha akatia mkasi kwenye mkoba, huyo akaondoka.

Miaka tisa baadaye mnoa visu aliurudisha vilevile. "Mama, hapa hakuna tena chuma cha kunoa."

Binti wa kaka yake, sasa yuko sekondari, akamtazama Shangazi kwa huruma. Shangazi akasonya.

"Usinitolee macho. Ukiisha, umeisha. Bibi yako naye si aliisha? Tulimweka kabatini?"