Mikono ya Mama Mkunjo

Mtaani walimwita Mama Mkunjo, kwa sababu suruali ikitoka chini ya pasi yake ilikuwa na mkunjo ulionyooka kama uzi uliovutwa. Alikuwa dobi tangu kabla ya kuolewa, akabaki dobi baada ya kufiwa na mume. Chumba cha mbele kilikuwa cha pasi, na kabati la nguo zilizo tayari. Uani palikuwa na karo, ndoo za kusuuzia, na kamba zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipeleka mashuka kwa baiskeli kwenye nyumba ya wageni, na akirudi alileta machafu na maneno.

Mbwa wao aliitwa Kaptula. Mwili wote ulikuwa wa kahawia, ila miguu ya nyuma ilikuwa myeupe kuanzia kiunoni, kama amevalishwa kaptula ya shule.

Mikono ya dobi haina siri. Sabuni na dawa ya madoa viliichubua mikono ya Mama Mkunjo, ikapasuka viganjani, ikawasha hadi akashindwa kubana nguo kambani. Muuza duka la dawa akamuuzia tyubu ya kupaka. Ilimtuliza, na tangu hapo hakuiacha. Ikiisha alinunua nyingine, wala hakuna aliyemuuliza neno. Jioni, pasi zikipoa, aliketi kwenye stuli, akajipaka, akaiweka mikono magotini. Kaptula alikuja, akalaza kidevu pajani mwake, akailamba taratibu, kidole kwa kidole.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," shemeji alitania. "Huyu mbwa ameenda shule."

"Na wewe uliyelishwa na mkono huu miaka yote, umewahi hata kuupa pole?"

"Shemeji, ulimi wangu mimi ni wa kuongea tu."

Walicheka. Mama Mkunjo hakujaliwa mtoto, na wateja wa dobi hawasemi asante, husema tu lini zitakuwa tayari. Ule ulimi wa jioni ndio uliokuwa asante yake ya siku nzima.

Kisha Kaptula akabadilika. Kwanza maji. Alimaliza bakuli lake, akahamia kwenye ndoo za kusuuzia, akanywa huku povu limemganda kwenye masharubu. Kilichoingia kikataka kutoka. Akakojoa mlangoni, akakojoa chini ya meza, na asubuhi moja akakojoa juu ya mashuka meupe yaliyokwisha kunyooshwa. Yeye aliyezoea kungoja apewe, sasa aliiba mkate mezani, akamngurumia shemeji kwa sababu ya mfupa mkavu. Hakutulia. Alizunguka chumba akihema, ulimi nje, hata kwenye baridi. Tumbo likamshuka, manyoya ya mbavuni yakapukutika.

"Shemeji, huyu ana mimba?"

"Mbwa dume?"

"Basi amemeza mto wa mteja. Hebu hesabu mito kama imetimia."

Safari hii Mama Mkunjo hakucheka. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametuma ujumbe: shuka lingine likinuka, atatafuta dobi mwingine.

"Anafanya makusudi," alisema. "Ananijua nilivyo mpole, ananipanda kichwani."

Akafunika ndoo kwa mbao, akaweka na jiwe juu. Maji akampa asubuhi, kidogo, kama mtu anayemwagia mche. Kaptula aliposukuma mbao kwa pua, alichapwa kandambili. Alichapwa tena aliponyemelea tone chini ya bomba. Akafungwa uani, akabweka hadi sauti ikamkauka. Lakini jioni alifunguliwa, akaja mkia chini, akalamba mikono iliyomchapa, iliyotoka kupakwa dawa. Mama Mkunjo alidhani anaombwa radhi. Akamwachia.

Mwishowe akaamua kumtoa. Mlinzi wa ghala la mbao, mzee mpweke, alimtaka. "Ila achanjwe kwanza, mama," alisema. "Hapa watoto wanapita." Ndiyo maana Mama Mkunjo akampeleka Kaptula kwa daktari wa mifugo, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Ni sindano tu, daktari. Anahama."

Daktari hakugusa sindano. Alivuta ngozi ya tumbo, ikaja nyembamba kama ganda la kitunguu. "Anakunywa maji sana?"

"Kama ng'ombe. Ila nimemdhibiti."

"Umemdhibiti vipi?"

"Nafunika ndoo."

Daktari alivaa miwani. "Unampa dawa gani, dada?"

"Sijampa hata kidonge."

"Kiu, njaa, kukojoa ovyo, kuhema, kutotulia, tumbo hili. Ni homoni moja imezidi mwilini. Ugonjwa wenyewe unaitwa Cushing. Mara nyingi huanzia ndani, kwenye tezi. Mara nyingine huletwa na dawa."

"Nimeshasema simpi dawa."

Kaptula, aliyekuwa ameshikwa juu ya meza, akageuza shingo. Akaanza kuulamba mkono uliomshika. Daktari akautazama ule mkono, uling'aa.

"Dada, umepaka nini?"

Tyubu ilikuwa mkobani. Daktari aliisoma midomo ikicheza. "Anakulamba hivi kila siku?"

"Kila jioni." Sauti ya Mama Mkunjo ilikuwa imeanza kupungua. "Ndiyo mapenzi yetu."

"Hii ina steroidi, ndugu ya homoni ile ile, tena kali. Ameila mikononi mwako. Nitachukua damu tuhakikishe, lakini sina shaka sana."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni dawa."

"Nani aliyeipaka?"

Daktari alimrudishia tyubu. "Nisikilize. Kiu yake si ukaidi, hawezi kuizuia. Maji asinyimwe, atakauka. Usimlambishe tena, lakini na dawa haikatwi ghafla, kwa sababu mwili wake umesahau kujitengenezea ya kwake. Nitampa vidonge, tutapunguza kidogo kidogo. Atarudi kuwa yule unayemjua, ila si wiki hii wala mwezi huu."

Mama Mkunjo aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na kuchapwa, daktari? Kuna kidonge chake?"

Daktari alikuwa anabonyeza pamba palipotoka damu. "Hicho sina," alisema.

Jumamosi mlinzi alikuja na ukanda mpya wa shingo. "Kibanda nimemaliza," alisema kwa furaha. "Nimekipiga na randa, asije akachomwa na vibanzi."

"Nisamehe, baba. Simtoi."

"Si ulisema hana adabu?"

"Nilimsingizia. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa nimempa mimi."

Mzee aliviringisha ule ukanda, akautia mfukoni taratibu, akaondoka bila kumlaumu. Ingekuwa afadhali amlaumu.

Nyumba ikapangwa upya. Mashuka yakapanda rafu ya juu, mkate ukaingia kwenye debe lenye mfuniko, mataulo chakavu yakatandikwa alipopenda kulala. Shemeji alipewa kazi ya kumtoa nje kila akirudi na baiskeli. "Sasa nimekuwa yaya wa mbwa," alilalama, lakini alikuwa ameshashika kamba. Mama Mkunjo alianza kuvaa glavu, na dawa akajipaka mlango umefungwa. Kaptula alikaa nje ya mlango huo, akiukwaruza.

Maji yaliwekwa kila kona, mabakuli yamejaa pomoni. Bado hakunywa kama mbwa wa nyumbani. Alisogea kwa kujibana ukutani, akapiga mafunda mawili, akainua kichwa kumtazama Mama Mkunjo, akakimbilia chini ya meza na maji yakimdondoka kidevuni. Alikuwa anaiba maji yake mwenyewe.

"Kunywa, baba," Mama Mkunjo alimbembeleza. "Kunywa, ni yako."

Aliposogea na bakuli, mbwa akafumba macho, akateremsha masikio, akangoja.

Mama Mkunjo akaliweka bakuli chini. Akarudi nyuma hadi mezani, akageuka, akauelekeza uso ukutani, na akasimama hivyo pasi ikipoa pembeni yake. Alingoja sana. Kisha akasikia kucha sakafuni, na baada ya kucha, ulimi ukianza kupiga maji. Hakugeuka.