Santuri ya Tano ya Fundi

Mume wangu alikuwa fundi wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mimi pia nilimwita hivyo, na uzeeni hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Naandika habari zake kwa sababu nazikumbuka. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kichwa changu hakikuishia hapo. Shati la kwanza alilonishonea lilikuwa na vifungo saba, na cha tatu kutoka juu kilikuwa na matundu mawili badala ya manne. Mtu akibishana na mimi juu ya jambo la zamani, humwambia akanywe maji kwanza, ndipo arudi.

Fundi alikuwa na mwimbaji wake mmoja. Wengine wa redioni aliwasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, lakini santuri alinunua za huyo tu. Alikuwa mtu wa gitaa, akitunga nyimbo zake mwenyewe, na kila wimbo aliuanza kwa kukohoa kidogo. Nyumbani tulimwita Kikohozi. Akikohoa, Fundi aliitikia palepale bila kuinua macho kwenye cherehani: "Pole, mzee." Siku zote. Wateja walidhani kuna mgonjwa chumba cha pili.

Kikohozi yu hai mpaka leo, nywele nyeupe pe, anaimba ameketi. Santuri zake kubwa ni kumi na moja, na Fundi alizipata zote. Alizisimamisha kwenye kabati la vitambaa, ya kwanza mpaka ya mwisho, kama wanafunzi mstarini.

Kisha ya tano ikapotea. Kwa ajili yake mimi na wifi yangu, dada wa pekee wa Fundi, hatukusemezana miaka kumi na tisa.

Wifi alikuwa amekaa kwetu mwezi mmoja, nyumba yake ikiezekwa upya. Aliipenda ile ya tano kupita kiasi. Aliiweka asubuhi, akaiweka tena akipiga pasi. Akarudi kwake. Miezi mitano baadaye Fundi akaitafuta, akakuta pengo. Nikajumlisha mbili na mbili, nikavaa viatu, nikamfuata. Nilimkuta uani ameshika beseni la nguo, majirani zake wanaanika. Nikamuuliza mbele yao.

Aliweka beseni chini taratibu. "Wifi, mimi ndiye mwizi?"

"Mimi nimeuliza tu."

"Umeuliza kwa sauti ya kushitaki. Haya. Siku ukiipata, usinitumie mtu. Uje mwenyewe, kwa miguu yako, hapahapa."

Niliporudi nikamweleza Fundi, akaendelea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Santuri ni yangu," akasema. "Mwizi ni wako. Mimi sina mwizi." Tangu hapo kila Jumapili alikwenda kwa dada yake peke yake. Siku moja tu nilimsikia akilalamika: "Mmenigawa kama suruali, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule." Nikacheka. Sikujua kwamba hakuwa anachekesha.

Mwaka jana Fundi alifariki. Siku ya mazishi mimi na wifi tuliketi benchi moja, katikati tumeweka mikoba yetu miwili.

Mwaka huu mjukuu wangu mkubwa, mwanamke mtu mzima anayefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, alikuja likizo. Alikuwa na waya wake wa kutoa nyimbo kwenye gramafoni na kuzitia kwenye simu, ili sauti zisife na mashine.

"Haya, mke mwenzangu," nikamwambia, "tumsikilize mume wetu. Moja baada ya nyingine, bila kuruka. Yeye hakupenda kurukwa."

Tukaanza na ya kwanza. Hiyo ndiyo aliyokuja nayo kwetu, ameibana kwapani, siku alipoletwa na mjomba wake kujulikana nyumbani. Sisi hatukuwa na gramafoni. Baba aliigeuza akauliza, "Kijana, umetuletea sinia?" Fundi akajibu kwamba anaiacha tu, ataifuata wiki ijayo. Wiki ijayo akaja, akaisahau tena. Aliisahau mara sita, mpaka baba akasema huyu kijana ama ni mjinga ama anataka kuoa.

Ya pili ina nyimbo za polepole. Ndiyo tuliyoshonea: mguu wa Fundi ulifuata gitaa, na mshono ulitoka umenyooka kama rula. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikipigwa nilipomzaa mama yake huyu mjukuu, na upande wa pili una mkwaruzo pale nilipoangusha sindano ya gramafoni nikimnyonyesha. Ya nne niliipiga marufuku saa za kazi. Ni ya kuchezwa, na Fundi akiisikia aliendesha cherehani kama anakimbizwa. Shule moja ilirudisha mashati ishirini yenye mifuko imepanda kwapani.

"Bibi, unasingizia!"

"Ishirini. Na mawili hayakuwa na mfuko kabisa."

Tukafika kwenye pengo. Mjukuu alijua hadithi, akachukua ya sita. Hiyo Kikohozi aliitunga baada ya kufiwa na mkewe, na Fundi hakuwahi kuisikiliza nikiwa nje ya nyumba. Alitaka anione napita. Tuliisikiliza mpaka mwisho, mjukuu akajifanya ananyoosha waya.

Ya saba hakuna aliyeipenda. Kikohozi aliweka gitaa kando akaingiza ngoma za mashine. Fundi alisema, "Amepotea, lakini ni wetu." Akaisikiliza mwezi mzima kwa kujilazimisha, kama mtu anayemzoea mkwe mkorofi, kisha akairudisha kabatini moja kwa moja. Mjukuu akaivuta kutoka kwenye jalada. Zikatoka mbili.

Sikuhitaji miwani. Ile ya juu ilikuwa na karatasi ya kijani katikati. Ni ya tano tu yenye kijani.

"Bibi," mjukuu akanong'ona, "hii si ndiyo...?"

"Ndiyo."

"Sasa jalada lake liko wapi?"

Nikasema Fundi alichanganya. Nilisema haraka, kama nimelipanga tangu juzi. Mjukuu akawa anatazama ukuta wa chumba cha cherehani, pale vigezo vyetu vya karatasi ngumu vya kukatia nguo vinapotundikwa kwenye misumari. Akaenda akashusha kimoja, kigezo cha kola, akakipapasa ukingo kwa kidole gumba. Anajua karatasi kama babu yake alivyojua kitambaa.

"Hili si boksi, Bibi. Hili limechapwa."

Akakigeuza. Upande wa nyuma, uliotazama kitambaa wakati wa kukata na ukuta siku nyingine, kwa miaka kumi na tisa, palikuwa na nusu ya uso wa Kikohozi, jicho moja, na shingo ya gitaa iliyokatwa kwa mviringo. Upande wa mbele palikuwa na maandishi ya wino: *Kola. Darasa la tano. 14.*

Mwandiko ni wangu. Fundi alikata miili na mikono ya mashati. Kola zilikuwa zangu tangu siku ya kwanza. Katika ile miezi mitano baada ya wifi kuondoka, shule zilifunguliwa, tulikuwa na mashati mia nne, kitinda mimba wetu ana surua, na kigezo cha zamani kilikuwa kimechakaa ukingo. Lazima nilinyoosha mkono kabatini nikashika kilicho kigumu, nikaipisha santuri kwenye jalada jingine, nikapasua, nikakata. Nasema lazima, kwa sababu sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki. Kifungo chenye matundu mawili nakikumbuka.

"Si useme tu ni Babu," mjukuu akasema, kwa huruma. "Nani atajua?"

Sitaficha: nililifikiria. Marehemu hajibu. Ingekuwa kazi rahisi kumbebesha, naye alikuwa mtu wa kubeba. Nikakumbuka ile suruali yake, mguu huku, mguu kule.

Nikavaa viatu. Mjukuu akataka kuita gari, nikakataa. Ni mitaa miwili na soko. Goti langu lilipiga kelele njia nzima.

Wifi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Alinitazama nikiingia, hakusimama.

"Nimeipata," nikasema. "Si wewe. Wala si Fundi. Ni mimi." Nikampa santuri, nikampa na kigezo. Nilisema kwa sauti, maana jirani alikuwa dirishani, na nilitaka asikie kama walivyosikia wale wengine. "Nilikuvunjia heshima mbele za watu, wifi. Nisamehe."

Alikigeuza kigezo, akalitazama lile jicho, akakigeuza tena akasoma.

"Mwandiko wako haujabadilika," akasema. "Bado herufi ya K inapiga teke."

"Wifi..."

"Miaka kumi na tisa, kwa mitaa miwili! Unatembea polepole sana, mama." Akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mchele, akapaka uso mzima. "Kaka yangu ameondoka hajatuona hivi. Hilo sitakusamehe leo. Labda kesho kutwa. Nisaidie kuinuka."

Tulirudi naye kwangu tumeshikana, magoti mabovu manne. Mjukuu alikuwa ameshaitia ya saba simuni. Wifi alikaa kwenye kiti cha Fundi bila kuuliza. Nikaiweka ile ya tano, nikashusha sindano kwa mkono wangu.

Kikohozi akakohoa.

"Pole, mzee," wifi akasema. Mimi nilichelewa kidogo.