Nyuki Weusi wa Boriti za Jikoni

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa na haya kiasi kwamba wageni wakija nyumbani kwetu Msambweni niliwaamkia nikiwa nyuma ya pazia. Jambo moja tu lilinisemea: sharubati ya pasheni. Ramadhani iliyotangulia niliikamua mwenyewe, na wanawake waliokuja kufuturu kwa Bibi wakauliza ni mkono wa nani. Nililiandika swali hilo katika daftari langu, nikalipigia mstari.

Kwa hiyo Bibi aliposema mipasheni yote miwili ing'olewe, ule wa ubavuni mwa jiko na ule wa karibu na choo, roho iliniruka. Ilijaa maua, lakini kila ua lilinyauka likaanguka bila tunda. Mjomba alikuwa ameshaleta kamba ya kuanikia nguo mahali pake. Bibi alitoa muda hadi shule zifungwe.

Pasheni yetu ya njano hufungua maua adhuhuri. Nikirudi shule nilikuwa nikikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikiyatazama. Nyuki wa asali walikuja wengi. Walijipenyeza chini, wakanywa, wakaenda zao. Unga wa njano wa ua ulining'inia juu yao na migongo yao haikuufikia, kama mtoto apitaye chini ya leso zilizoanikwa bila kuzigusa. Siku ya tatu ndipo nilipowakumbuka wale weusi wakubwa, wanene kama kidole gumba, ambao mwaka uliopita walikuwa wakitoka ndani ya maua hayo mgongo wote umepakwa njano. Sababu ya kutoweka kwao niliijua, maana mimi ndiye niliyewafukuza.

Walikuwa wakitoboa boriti za jiko, na vumbi la mbao likawa linaanguka chunguni. Siku moja liliingia kwenye mchuzi wa papa, Mjomba akasema nimepata bizari mpya ya Mombasa. Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nilipanda juu ya meza nikaziba kila tundu kwa tambara la mafuta ya taa na udongo. Bibi alinisifu.

Sasa nilijaribu kazi yao. Wiki nzima nilibeba unga kwa kidole kutoka mmea wa choo, nikaupaka kwenye vile vichwa vitatu vya katikati ya maua ya mmea wa jiko. Kila ua nililoligusa nilifunga uzi mwekundu. Yenye uzi yalishika, yakavimba kijani. Mengine yalianguka kama kawaida.

Ikabidi niseme. Nilimpeleka Bibi penye nyuzi, nikamweleza yote huku nikitazama miguu yake.

"Kwa hiyo, mke mwenzangu," akasema, "umewafukuza wakunga, sasa wazalisha mwenyewe?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi nilicheka.

Lakini vumbi chunguni Bibi hakulitaka tena. Alimwamuru Mjomba achukue boriti kuukuu za banda la mbuzi, azisimamishe mbali na jiko, nyuki watoboe huko wapendavyo. Kamba ya nguo ndiyo iliyozifunga. Mweusi wa kwanza alikuja kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Matunda ya uzi mwekundu yalitoa jagi moja tu. Wageni walipouliza tena ni mkono wa nani, Bibi aliniita. Nilitoka nyuma ya pazia, nikasema shikamooni, nikarudi upesi.