Akipunga, Usitue

Nilifua mashuka ya wageni wa hoteli kisiwani Vamizi miaka saba. Mgeni ninayemkumbuka ni mmoja, mzee wa Kizungu aliyeongea Kireno cha kuokoteza. Asubuhi alinibebea kapu la nguo mpaka kwenye kamba, nami nikiona haya. Zamani alikuwa rubani wa marinha, jeshi la majini, akirusha ndege kutoka juu ya meli. Mara moja ndege ilimtumbukia baharini, akaokolewa mguu umevunjika. Baadaye akachaguliwa kwenda angani, nje kabisa ya dunia, akakaa huko mwezi na zaidi.

"Huko juu hukuogopa?" nikamwuliza.

"Angani nililala kama mtoto, dona. Meli ndiyo niliyoiogopa."

Akanieleza: ukirudi kutua melini, yuko mtu amesimama pale nyuma anakuongoza. Mtu huyo akipunga, usitue, geuka. Hata helikopta, ukitaka ishuke, simama tuli, mikono yote miwili juu. Nilicheka. Sisi pwani mtu hupungiwa kanga ili aje. Chombo kikipita mbali, tunapunga mpaka bega liume.

Watu wa bunduki walipoingia kijijini kwetu, bara, ng'ambo ya kisiwa, mume wangu alipigwa risasi ya paja. Siku mbili tulijificha na wanakijiji wenzetu kwenye mikoko, nikimtilia maji ya dafu mdomoni. Ya tatu, asubuhi, helikopta ikaja chini chini ufukweni. Sote tukatoka mbio. Sekretario wa kijiji akapaza sauti: "Pungeni! Kina mama, vueni kanga, pungeni!"

"Msipunge!" nikasema. "Simameni tuli, mikono juu. Rubani akipungiwa anaondoka."

"Nani kakwambia?"

"Mzungu aliyefika angani."

Watu wakacheka, na njaa yote ile. "Mfua mashuka leo kamanda wa ndege!" akasema sekretario. "Punga, dada, au nyamaza."

Nikapunga. Nalisema hili kwa sababu wengine wakisimulia hujitoa. Helikopta ikashuka mpaka mchanga ukatuingia machoni, ikasita, ikainuka, ikaenda zake. Haikurudi. Sijui yule rubani aliona nini. Labda aliogopa umati, labda hakutumwa kwetu. Mimi najua nilichofundishwa, na nilichofanya.

Mume wangu alikata roho kabla ya adhuhuri. Alikuwa akiuliza kama wameshuka. Nikamwambia wanakuja.

Sekretario huyo mpaka leo ndiye anayeandika majina ya wanaopewa sabuni na mahindi hapa kambini tulikokimbilia. Juzi, zamu yangu ilipofika, akaniambia, "Ile ya mumeo ilikuwa amri ya Mungu, dada."

Nikamjibu mbele ya foleni nzima: "Mungu hakusema pungeni, shefe. Ulisema wewe."

Akainamia karatasi zake, akaruka jina langu, akaita la mtu aliyekuwa nyuma yangu.